Namna ya kutumia maneno ya mpira nje ya uwanja bila kuyaharibu

Mtu anayetaka kuzungumza Kiswahili cha Dar es Salaam atakutana na mpira kabla hajafika uwanjani. Gazeti litamwambia kwamba wastaafu wanapigwa danadana, jirani atamwambia kwamba dalali amempiga chenga, na mfanyakazi mwenzake atamwambia kwamba ripoti imekamilika dakika za majeruhi. Mimi ni mpenzi wa mpira tangu utotoni, na maneno haya nayapenda kama ninavyoupenda mchezo wenyewe. Kwa hiyo huniuma ninapoyasikia yakitumika ovyo, moja mahali pa jingine, kana kwamba yote yana maana moja. Kabla ya kulitumia neno lolote la mpira, kitazame kwanza kitendo kilicholizaa.

Tuanze na danadana, kwa kuwa ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtazame mtoto mwenye mpira wa chandimu, ule wa makaratasi na mifuko uliokazwa kwa kamba. Anaunyanyua kwa mguu wa kulia, anaupokea kwa goti, anaurudisha kwenye mguu wa kushoto, huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Mpira hauendi golini, hauendi kwa mwenzake, na hauruhusiwi kugusa chini. Mtu anayepigwa danadana, basi, ni yule aliyegeuzwa kuwa mpira. Niliwahi kufuatilia hati ya kiwanja katika ofisi moja, ambako dirisha la kwanza lilinituma la tatu, la tatu likanirudisha la kwanza kuchukua mhuri, na nilipoupata mhuri nikaambiwa kwamba mwenye kusaini ametoka, nirudi Jumatatu. Jumatatu ilipofika nikaanza tena dirisha la kwanza. Hiyo ndiyo danadana. Ofisi ikikukatalia mara moja na kufunga faili, umekataliwa tu, na neno danadana hapo halina kazi.

Chenga ni jambo jingine kabisa. Ili chenga iwepo, lazima watu wawili wakabiliane, na mmoja wao adanganywe na mwili wa mwenzake: bega linaelekea kushoto, mpira unapita kulia, na beki anabaki akiwa ameukanyaga upepo. Dalali anayekwambia umsubiri kituoni kwa kuwa yuko njiani, huku wakati huohuo anamwonyesha mteja mwingine chumba kilekile, amekupiga chenga. Mdaiwa anayekupungia mkono kwa mbali kana kwamba anakuja, kisha akazama uchochoroni, naye amekupiga chenga. Ukitaka kuchagua kati ya maneno haya mawili, jiulize kama katika kisa chako wewe ulikuwa mpira au ulikuwa beki. Tobo, yaani mpira kupitishwa katikati ya miguu ya mtu, na kanzu, yaani mpira kupitishwa juu ya kichwa chake na kuchukuliwa nyuma yake, ni bora yakabaki uwanjani, kwa sababu nje ya hapo msikilizaji hulazimika kuelezwa.

Majina ya nafasi za wachezaji yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kariakoo utamsikia winga, na hilo ni jina la kazi halisi: ni kijana asiye na duka, anayempokea mteja barabarani, akamuuliza anachotafuta, akampeleka kwenye duka analolijua yeye, na faida yake ikatoka kwenye tofauti ya bei. Neno hilo limechaguliwa kwa akili nyingi, maana winga wa uwanjani naye hukimbia pembeni mwa chaki na kumletea mpira yule atakayefunga. Kwa hiyo usimwite mwenye duka winga. Yeye ndiye mfungaji. Kiraka nalo lilitoka kwenye nguo, likaingia uwanjani kwa mchezaji anayeweza kupangwa popote timu ilipochanika, kisha likarudi mitaani likiwa sifa. Mwalimu anayefundisha hesabu, akashika kipindi cha Kiswahili mwenzake anapougua, na jioni akasimamia michezo, ni kiraka. Mtu asiye na kazi anayoijua vizuri hastahili jina hilo.

Lipo pia neno beki tatu, ambalo mitaani humaanisha dada wa kazi za nyumbani. Uwanjani beki namba 3 ni mlinzi wa upande wa kushoto, mwenye heshima yake kamili, lakini nyumbani neno hilo husemwa nyuma ya mtu, na mwenyewe akilisikia huumia. Ushauri wangu ni kuliacha. Mwite dada, au mwite kwa jina lake.

Kwa maneno ya muda, zingatia kwamba dakika za lala salama ni zile za mwisho kabla ya dakika 90 kutimia, na dakika za majeruhi ni zile zinazoongezwa baada ya hapo. Kampeni za uchaguzi zikikaribia kufungwa ziko lala salama; mwanafunzi aliyelipa ada baada ya siku ya mwisho, kwa kuwa mkuu wa shule aliongeza siku mbili, amelipa dakika za majeruhi. Mwanafunzi wa lugha pia achunge kitenzi kujifunga, chenye maana ya kulifunga goli lako mwenyewe, kwa sababu akitaka kusema kwamba shahidi alijifunga kwa maneno yake, akiongeza silabi moja atakuwa amesema kwamba shahidi alijifungua mahakamani.

Utani wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, una sharti lake: mtanie yule ambaye naye ana haki ya kukutania. Neno mkono, yaani mabao matano, linafaa kwa mfano huu kwa kuwa kila upande unalo. Simba ilishinda 5-0 tarehe 6 Mei 2012, na Yanga ikashinda 5-1 tarehe 5 Novemba 2023. Unaponyoosha vidole vitano mbele ya shabiki wa upande wa pili, hakikisha kwanza kwamba mnafahamiana, kisha uwe tayari kuvihesabu vitano vyake. Kwa mgeni au mkubwa wako kazini, anza kwa salamu, na uache yeye ndiye aingize habari za mechi.

Mwisho ni majina ya watu, na hapa ndipo umaarufu unapokutana na lugha. Sunday Manara wa Yanga aliitwa Kompyuta enzi ambazo mashine hiyo haikuwa kitu cha kila ofisi, na jina likamkaa kwa kuwa lilitaja akili yake ya mpira. Ukimpa mtu jina la utani, fuata mfano huo: taja anachokifanya, usitaje umbo lake. Nchini Kenya, mchezaji Joe Kadenge alipata kitu kikubwa zaidi ya jina la utani, maana mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimpa sentensi nzima redioni: "Kadenge na mpira." Haina kitenzi, na haikihitaji, msikilizaji asiyeona uwanja alijua mara moja mpira uko kwa nani, na kila uliporudi miguuni pake sentensi nayo ilirudi. Kadenge alifariki mwaka 2019, na Wakenya wangali wanaisema. Ukitaka kuitumia, mtafute mtu ambaye jambo liko miguuni pake kweli, uitamke kwa kasi ya redio, wala usiongeze neno.