Jinsi ya kupima sukari unayokula na kuipunguza, hatua kwa hatua

Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri wa lishe huanza na sentensi moja: "Mimi sukari situmii sana." Hawadanganyi. Wanahesabu ile wanayochota kwa kijiko, basi. Ndiyo maana simwambii mtu aache chochote siku ya kwanza. Tunapima kwanza.

Hatua ya 1: Jua sukari ipi inahesabiwa

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai kama 12. Asilimia 5 ni vijiko 6.

Sukari huru ni ile inayoongezwa kiwandani, jikoni au mezani, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi ya matunda. Ndiyo, asali imo, na hapa ndipo mabishano huanza. Tunda zima halimo, wala maziwa yasiyotiwa kitu.

Hatua ya 2: Andika siku tatu

Andika kila kinachopita mdomoni, na moja ya siku hizo iwe ya mapumziko. Usibadilishe ulaji ili daftari lipendeze.

Hatua ya 3: Geuza gramu kuwa vijiko

Soma lebo, kisha gawa gramu za sukari kwa 4. Angalia kama namba ni ya gramu 100 au ya chombo kizima, maana hapo ndipo watu huteleza. Chukua mtindi wenye ladha, kikombe cha gramu 150, lebo ikisema gramu 12 kwa kila gramu 100. Jumla ni gramu 18. Lakini maziwa yana sukari yake ya asili, takriban gramu 4 kwa kila 100, kwa hiyo toa 6. Zinabaki 12: vijiko vitatu, kwenye kitu ulichokiita chakula cha afya.

Kopo la soda la mililita 330 lina kama gramu 35, karibu vijiko tisa. Mkate, sosi ya nyanya na nafaka za kifungua kinywa nazo zikague. Majina kama glukosi, dekstrosi, maltosi na sharubati ya mahindi yote ni sukari.

Hatua ya 4: Anza na vinywaji

Kama utafanya hatua moja tu, fanya hii. Sukari ya kunywa haishibishi, hivyo chakula unakula kama kawaida na kalori zinajilimbikiza juu yake. Sehemu yake ya fruktosi, mojawapo ya aina za sukari, hushughulikiwa zaidi na ini, na ikizidi ini huigeuza kuwa mafuta. Mafuta hayo hubaki humo au huingia kwenye damu. Uzito ukipanda, mwili huanza kuwa sugu kwa insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni kisukari cha aina ya pili. Urithi na kutofanya mazoezi vinachangia pia, kwa hiyo usimsute mgonjwa wa kisukari kwamba amejitakia.

Tahadhari: ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, ongea na daktari kabla ya kupunguza. Dozi ileile juu ya ulaji mpya inaweza kushusha sukari kupita kiasi: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa.

Hatua ya 5: Punguza idadi ya mara

Hii ni kwa ajili ya meno. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi inayomomonyoa tabaka la nje la jino, na mate huhitaji kama nusu saa au zaidi kuituliza. Anayeonjaonja chupa moja mchana kutwa hayapi meno nafasi hiyo. Heri ainywe yote pamoja na mlo. Usiku mate hupungua, kwa hiyo ukishapiga mswaki, maji tu.

Hatua ya 6: Shusha chai polepole

Punguza robo kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Usikimbilie vitamu visivyo na sukari ili upungue uzito: mwaka 2023 WHO ilishauri visitumike kwa lengo hilo, ingawa ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari.

Hatua ya 7: Pima kwa wakati wake

Uzito na mzunguko wa kiuno unaweza kuvifuatilia nyumbani. Kipimo cha damu cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo ukikirudia baada ya wiki mbili utapoteza hela. Subiri miezi mitatu, kisha nenda na daftari lako.