Ukiwa Disneyland, inua macho

Ukiingia Disneyland, bustani ya burudani ya California, usikimbilie foleni moja kwa moja. Pale Main Street, mtaa wa mlangoni, inua macho: maandishi kwenye madirisha ya ghorofani yanafanana na matangazo ya biashara, kumbe mengi ni majina ya watu walioijenga bustani hiyo. Ndani ya Haunted Mansion, jumba la mizimu, chumba kinachorefuka ni lifti inayokushusha chini. Ila utamu wenyewe uko ukumbi wa dansi! Mizimu unayoiona ni taswira tu kwenye kioo kikubwa mno. Sanamu zenyewe zimefichwa juu na chini ya njia unayopita. Halafu pita kituo cha treni cha New Orleans Square, utege sikio: milio ile ya telegrafu ni maneno ya hotuba ya mwanzilishi Walt Disney ya ufunguzi, 1955.