Kuhifadhi mashine pepe kabla UPS haijazima: kupanga bafa za Linux

Mwongozo huu ni wa seva ndogo ya Linux yenye KVM na libvirt (programu za kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), ile inayokaa kwenye kona ya ofisi ya kutoa mizigo bandarini ikiendesha mashine pepe mbili tatu. Stima ikipotea, UPS (betri ya akiba) inashika, na seva inatakiwa ihifadhi hali ya kila mashine diskini kisha ijizime. Shida ni kwamba kuhifadhi kunachukua dakika nyingi kuliko betri ilizo nazo.

Ushauri unaozunguka mtandaoni ni kupandisha `vm.dirty_ratio`, yaani asilimia ya memori inayoruhusiwa kushika data ambayo haijaandikwa diskini, hadi 60 au 80. Kwa seva inayotegemea UPS, usiufuate. Fikiria kivuko cha Likoni: ukipanua uwanja wa kungojea, watu wengi zaidi wataingia getini haraka, lakini feri haitavuka kwa kasi zaidi. Bafa, yaani memori inayoshika data ikingoja kuandikwa diskini, ni ule uwanja; diski ndiyo feri. Unachoweza kurekebisha ni feri ing'oe nanga lini: ingoje uwanja ujae, au ianze kuvusha mara abiria wa kwanza wanapofika. Sisi tunataka ianze mapema.

Mfano wa humu ndani ni seva ya GB 32 yenye mashine `forodha` (GB 8), `uhasibu` (GB 6) na `mafaili` (GB 4). Jumla ni GB 18.

Hatua ya 1: Jua diski inaandika kwa kasi gani

```
df -h /var/lib/libvirt/qemu/save
dd if=/dev/zero of=/var/lib/libvirt/qemu/save/jaribio bs=1M count=18432 oflag=direct conv=fsync status=progress
rm /var/lib/libvirt/qemu/save/jaribio
```

Weka `count` sawa na jumla ya memori ya mashine zako, usiweke GB 1 kwa sababu una haraka. SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo ya kasi. Ikijaa, kasi inaporomoka, na jaribio fupi halitakuonyesha hilo. Kama faili ziko kwenye mfumo wa faili wa ZFS au btrfs wenye mgandamizo, `/dev/zero` itakudanganya kabisa, kwa hiyo tumia faili halisi kubwa.

Diski ya kuzunguka ikitoa MB 120 kwa sekunde, GB 18 ni sekunde 154 hivi. Hiyo ndiyo sakafu yako. Hakuna mpangilio wa bafa utakaoshuka chini yake.

Ukitumia NVMe kwenye chumba kisicho na AC, soma joto lake (`nvme smart-log /dev/nvme0`) jaribio likiwa linaendelea. Kwa joto la Mombasa la mwezi wa Machi, NVMe isiyo na kipoza joto inaweza kujipunguza mwendo katikati ya kazi, nawe ukabaki kulaumu keneli (kiini cha Linux).

Hatua ya 2: Pima kuhifadhi kwenyewe

```
time sh -c 'virsh managedsave forodha; sync'
```

Kwenye terminali ya pili:

```
watch -n1 "grep -E '^(Dirty|Writeback):' /proc/meminfo"
```

`Dirty` ni data iliyoandikwa kwenye memori lakini haijaanza kwenda diskini. `Writeback` ni ile iliyo njiani. Hiyo `sync` usiiache. libvirt yenyewe husubiri data ifike diskini kabla `virsh` haijamaliza, ila kama unatumia VirtualBox, kwa amri ya `VBoxManage controlvm forodha savestate` usichukulie hivyo: amri inaweza kurudi huku GB kadhaa bado ziko kwenye memori, na stima ikikatika hapo faili lako ni nusu.

Hatua ya 3: Weka mipaka kwa baiti, si kwa asilimia

Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima.

Kawaida ya keneli ni `vm.dirty_background_ratio` 10 na `vm.dirty_ratio` 20. Ya kwanza ndiyo alama ya feri kuondoka: data chafu ikifika hapo, keneli inaanza kuandika nyuma ya pazia. Ya pili ni kikomo: ikifika hapo, programu inayoandika inazuiwa isubiri diski. Kwa kweli keneli huanza kuibana programu kabla ya kikomo, karibu na katikati ya alama hizo mbili.

Asilimia hizo si za RAM yote. Ni za memori inayopatikana, yaani iliyo huru pamoja na kache inayoweza kuachiliwa. Kwenye seva yetu, mashine zote zikiwa hewani, zinabaki kama GB 12; kikomo cha 20 ni GB 2.4. `forodha` ikishahifadhiwa, GB 8 zake zinarudi, na kikomo kinaruka hadi GB 4 bila wewe kugusa chochote. Mpaka unaosogea kazi ikiwa inaendelea haupimiki. Ndiyo maana napendelea baiti, na sioni sababu ya kutumia asilimia kwenye seva yoyote ya mashine pepe.

Kanuni: alama ya kwanza iwe kazi ya sekunde moja ya diski, kikomo kiwe sekunde nne. Kwa diski ya MB 120 kwa sekunde hiyo ni MB 128 na MB 512. Andika `/etc/sysctl.d/99-zz-bafa.conf`:

```
vm.dirty_background_bytes = 134217728
vm.dirty_bytes = 536870912
```

Kwa SSD ya SATA inayotoa kama MB 400, weka 402653184 na 1610612736. Kisha:

```
sysctl --system
sysctl -a 2>/dev/null | grep vm.dirty
```

Sasa soma matokeo kwa makini. Baiti na asilimia haziishi pamoja: ukiandika `dirty_bytes`, `dirty_ratio` inageuka 0 papo hapo, na kinyume chake. Kwa hiyo ukiona `vm.dirty_ratio = 0` usishtuke, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiona `vm.dirty_bytes = 0`, kuna mtu ameandika asilimia baada yako.

Huyo mtu ni nani? Mara nyingi ni mstari wa zamani ndani ya `/etc/sysctl.conf`. `sysctl --system` hulisoma faili hilo mwisho kabisa, baada ya mafaili yote ya `sysctl.d`. Lakini seva inapowaka, kazi hiyo hufanywa na systemd, ambayo hupanga mafaili kwa jina na huliona `/etc/sysctl.conf` pale tu lilipounganishwa kama `99-sysctl.conf`. Matokeo yake ni kwamba mpangilio uliouona kwa mkono unaweza kuwa tofauti na wa baada ya kuwasha upya. Hiyo `zz` kwenye jina la faili letu ni ya kulifanya lisomwe baada ya `99-sysctl.conf`. Mshukiwa wa pili ni `tuned`, huduma inayopanga mipangilio ya seva yenyewe: profaili zake za seva, kama `throughput-performance` na `virtual-host`, zina mipangilio yao ya bafa. Wasake wote kwa pamoja:

```
grep -rs dirty_ /etc/sysctl.conf /etc/sysctl.d /usr/lib/sysctl.d /etc/tuned /usr/lib/tuned
```

Futa mistari ya zamani, washa seva upya, kisha soma thamani tena. Usimwambie mwenye ofisi kazi imekwisha kabla ya kuwasha upya.

Tahadhari nyingine. Alama ya kwanza ikiwa sawa na kikomo au kukizidi, keneli haitakulalamikia. Inachukua nusu ya kikomo kimyakimya. Ukishusha kikomo mno, tuseme MB 16, kila programu inayoandika itakuwa inakwama na kuachiliwa, na diski ya kuzunguka itapiga kelele bila kuongeza kasi. `dirty_expire_centisecs` (3000) na `dirty_writeback_centisecs` (500) ziache kama zilivyo: kwa uandishi mkubwa wa mfululizo alama ya baiti hufika kwanza. Na usinakili `dirty_writeback_centisecs = 0` kutoka miongozo ya laptopu, maana inazima kabisa uandishi wa mara kwa mara.

Rudia kipimo cha hatua ya 2. `Dirty` sasa inapaswa kukaa chini ya MB 512 muda wote, na `Writeback` ianze kuonekana karibu mara moja.

Hatua ya 4: Ondoa swapu njiani

Ikiwa sehemu ya memori ya mashine imelala kwenye swapu (sehemu ya diski inayotumika kama memori), kuihifadhi kunamaanisha kuisoma vipande vipande kutoka diski hiyohiyo unayoiandikia. Hapo sekunde 154 zinageuka dakika kumi.

```
grep VmSwap /proc/$(pgrep -of 'guest=forodha')/status
```

Ukikuta zaidi ya MB mia kadhaa, weka `vm.swappiness = 10` kwenye faili lilelile. Kama nafasi ya memori ipo, fanya `swapoff -a && swapon -a` wakati wa utulivu.

Hatua ya 5: Hifadhi kidogo zaidi

Hapa ndipo kasi ya kweli inapopatikana. Mashine ya GB 8 inayotumia GB 3 bado inaandika karibu zote 8, kwa sababu memori iliyoachiliwa ndani yake bado ina data ya zamani. Kusafisha kache ndani ya mashine hakusaidii, kwa sababu kurasa (vipande vya memori) zinakuwa huru lakini hazifutwi. Puto la virtio, dereva iliyo ndani ya mashine pepe, ndilo linalozirudisha kwa seva, na QEMU, programu inayoendesha mashine hiyo, inapokuta ukurasa wa sifuri tupu huandika alama ya baiti chache tu.

```
virsh dommemstat forodha
virsh setmem forodha 4G --live
```

Usishuke chini ya kile mashine inachotumia, la sivyo itaanza kutumia swapu yake yenyewe. Windows inahitaji dereva za virtio ziwe zimewekwa.

Kwa diski ya kuzunguka, ongeza mgandamizo ndani ya `/etc/libvirt/qemu.conf`: `save_image_format = "lzop"`, hakikisha kifurushi cha `lzop` kipo, kisha anzisha libvirtd upya. Achana na `xz` na `bzip2`: prosesa itakuwa polepole kuliko diski. Kwa NVMe baki na `raw`.

Hatua ya 6: Jaribu kuruka kache

```
time virsh managedsave --bypass-cache uhasibu
```

Njia hii haipiti kwenye bafa tulizopanga, na haifukuzi kache ya mashine nyingine. Kwa diski moja ya kuzunguka chagua hii. Kwa NVMe mara nyingi inapungua kasi, kwa kuwa kila kipande kinasubiriwa kiishe kabla ya kingine kutumwa. Pima zote mbili, uchague kwa namba.

Hatua ya 7: Unganisha na UPS

Ndani ya `/etc/default/libvirt-guests` (Debian na Ubuntu) au `/etc/sysconfig/libvirt-guests` (familia ya Red Hat):

```
ON_SHUTDOWN=suspend
ON_BOOT=start
BYPASS_CACHE=1
SYNC_TIME=1
```

`BYPASS_CACHE=1` ni ya diski ya kuzunguka; kama kipimo cha hatua ya 6 kimeonyesha vingine, weka 0. Hakikisha huduma yenyewe imewashwa: `systemctl enable --now libvirt-guests`. `PARALLEL_SHUTDOWN` haina kazi hapa; inahusu `ON_SHUTDOWN=shutdown` pekee. Mashine zitahifadhiwa moja baada ya nyingine, na kwa diski ya kuzunguka hivyo ndivyo inavyofaa.

Kwa apcupsd (programu inayosimamia UPS za APC), `MINUTES` huja ikiwa 3: seva inaanza kujizima UPS ikikadiria dakika tatu zimebaki. Ukijumlisha sekunde 154 za diski na dakika moja ya seva kujizima, dakika tatu zimeshapita. Weka 8. Makadirio ya UPS hayaaminiki betri ikizeeka, na betri za risasi huzeeka upesi kwenye joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kama nusu. Hapa Pwani usihesabu miaka iliyoandikwa kwenye boksi.

Hatua ya 8: Chomoa waya

Subiri wafanyakazi watoke, hakikisha kuna nakala rudufu, kisha chomoa UPS ukutani. Seva ikizima, iwashe ukiwa umeweka `ON_BOOT=ignore` kwa muda, uone:

```
virsh list --all --managed-save
```

Zote tatu zisomeke kuwa zimehifadhiwa. Ikiwa moja inakataa kuanza kwa sababu faili lake limeharibika, amri ni `virsh managedsave-remove forodha` kisha `virsh start forodha`. Itaamka kama kompyuta iliyozimiwa stima ghafla, ikague diski zake.

Mwisho angalia saa ndani ya kila mashine. `SYNC_TIME` inahitaji wakala wa QEMU (`qemu-guest-agent`) awe amewekwa ndani; bila yeye mashine inaendelea na saa ya pale ilipolala, na `forodha` itapiga tarehe ya jana kwenye hati za leo.