Kupima aina ya jiadia ya watoto kwa DNA: kazi inaanzia kwa mkebe

Kama unakusanya choo ya watoto hapo Nyalenda ama Manyatta, Kisumu, na unataka kujua ni jiadia (kijidudu cha tumbo kinacholeta kuhara) ya aina gani, kwanza weka fomalini, ile dawa ya kuhifadhi choo, mbali. Kwa hadubini ni sawa lakini inaharibu DNA, na ukishaimwaga ndani hakuna mashine itakusaidia. Gawa choo mara mbili, kidogo ya hadubini, ingine iende kwa ethanoli, na ethanoli iwe nyingi kushinda choo, tikisa vizuri. Namba andika na penseli juu ethanoli inafuta wino.

Mzazi akubali kwanza, kwa maandishi, na tafadhali mtoto asingojeshwe dawa ati DNA haijatoka. Hadubini ikionyesha jiadia na mtoto anahara, atibiwe, hii ya DNA ni ya kutuonyesha ugonjwa unatoka wapi.

Kwa maabara, osha ethanoli yote itoke. Ganda la jiadia ni gumu sana, kwa hivyo livunje na shanga ndogo za maabara kabla ya kutoa DNA, hapa ndio wengi wanaharakisha halafu wanalia PCR (njia ya kuzidisha DNA ili ionekane) imekataa. Pia choo ina chumvi za nyongo zinazuia PCR, so kabla useme hakuna kitu jaribu kupunguza DNA na maji mara kumi ama uongeze BSA (protini ya kusaidia PCR). Kontroli ya maji tupu, yaani tyubu isiyo na DNA, iwe kila raundi, na kama ni PCR ya raundi mbili usifungue tyubu za raundi ya kwanza kwa chumba unachochanganyia dawa za PCR.

Jeni moja haitoshi. Fanya jeni tatu, tpi, gdh na bg, juu sampuli moja inaweza sema aina A kwa hii na aina B kwa ile, na hapo ripoti zote mbili, usichague unayopenda. Angalia kromatogramu (mchoro wa vilele unaoonyesha herufi za DNA) na macho yako kabla ya kulinganisha na GenBank, hifadhi ya DNA mtandaoni: vilele viwili mahali pamoja vinaweza kuwa mtoto ana aina mbili, ama ni B tu, hiyo huwa na nakala zinazotofautiana.

Kwa watu utapata A na B zaidi, na hizo pia ziko kwa wanyama, kwa hivyo A ama B peke yake haisemi imetoka kwa mtu ama mnyama, usikimbilie kulaumu ng'ombe. C na D ni za mbwa, F ya paka, E ya mifugo. E ikitokea kwa mtoto rudia kutoka kwa mkebe wenyewe, na ikirudi E tena, chukua choo ya mbuzi na ndama wa boma hiyo upime na jeni zilezile.