Kabla hujanunua rejeta kubwa kwa lori la zamani

Lori kuukuu likichemsha, wengi hukimbilia rejeta (kipoza maji ya injini) ya safu tatu au nne za mirija. Anza na kava la feni, lile linaloizunguka feni ili ivute hewa kupitia rejeta. Likikosekana, feni huvuta hewa ya pembeni, na sehemu kubwa ya rejeta inabaki bila upepo. Nimeona lori likipoa kwa kurudishiwa kava tu.

Kisha washa injini ikiwa imepata moto, ongeza resi, utazame mpira wa chini wa rejeta (mikono mbali na feni). Ukinywea, umelegea, na pampu ya maji inanyimwa maji. Weka mpya wenye springi ndani.

Themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) usiitoe, hata fundi akikuapia. Injini itachelewa kupata moto na itakula mafuta zaidi. Themostati iliyokwama, badilisha.

Mfuniko wa rejeta nao una kazi: kila psi 1 (kipimo cha presha) hupandisha kiwango cha maji kuchemka kwa takriban nyuzi 1.5 za Selsiasi. Ila usifunge wa presha kubwa kwenye rejeta ya zamani ya shaba iliyochomelewa kwa risasi. Itapasukia kwenye maungio, na utanunua mpya kwa lazima.