Jinsi ya kuchambua ajali ya mtambo bila kuishia kwa aliyewasha pampu

Kila mwaka napokea vijana wa fildi wawili watatu, wanakuja Mtwara wakidhani gesi inatembea barabarani, na karibu wote chuo kimewapa kazi ile ile, chagua ajali kubwa ya kihandisi, eleza chanzo na funzo. Wakiniletea nipitie nakuta ukurasa wa kwanza ajali ilitokea tarehe fulani, wa pili waliokufa ni kadhaa, wa tatu "chanzo ni uzembe wa wafanyakazi na kutofuata taratibu", af mwisho "tumejifunza kuwa usalama ni muhimu". Jamani! Hiyo hata bibi yangu kule Naliendele ambaye mashine pekee anayoijua ni ya kusaga anaweza kukuandikia, na yeye ataiandika vizuri zaidi.

Basi nimeona niandike mara moja, nikiulizwa tena natuma hii.

Kwanza ajali yenyewe. Usichukue ya mwezi uliopita, maana utakachokuta ni watu wanalumbana na nusu ya wanayosema ni ya kusikia. Chukua ambayo tume imeshakaa, mashahidi wamehojiwa, ripoti imetoka. Mi huwa nawapa Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi lililokuwa Bahari ya Kaskazini, kama kilomita 190 toka Aberdeen, Uskochi. Liliungua usiku wa tarehe 6 Julai 1988. Juu yake walikuwepo watu 226, wakapona 61 tu, na ukijumlisha waokoaji 2 waliokufa na boti yao, marehemu ni 167. Naipenda kwa ajili ya hapa kwetu kwa sababu mambo yake si mageni, gesi ya Mnazi Bay inatoka kule Msimbati, inasafishwa Madimba, af toka 2015 inaingia kwenye bomba kwenda Dar, na jirani zetu Lindi wana Songo Songo inayokwenda Dar toka 2004. Mtu wa huku akisoma habari za pampu na valvu na shifti hasomi habari za Wazungu, anasoma habari za shemeji yake.

Sasa kabla hujaandika neno "chanzo" popote, chukua karatasi upande mrefu uchore mstari, af uweke saa. Saa tu na kilichotokea, usiweke maoni. Ya Piper Alpha inakuwa hivi. Mchana, pampu moja kati ya mbili za kusukuma kondenseti (ile gesi iliyogeuka kimiminika), tuiite A, imezimwa, na valvu yake ya usalama (ile inayotoa presha ikizidi) imetolewa na kupelekwa kupimwa. Saa kumi na mbili jioni shifti zinabadilishana, valvu bado haijarudishwa, pale ilipokuwa pamezibwa na bamba la chuma ambalo halikukazwa kiasi cha kuzuia presha. Saa nne kasorobo usiku pampu B inagoma na haiwaki tena. Dakika chache kabla ya saa nne wanawasha A. Kondenseti inavuja kwenye lile bamba, saa nne kamili mlipuko. Saa nne na dakika ishirini bomba kubwa la gesi linalotoka jukwaa jirani la Tartan linapasuka kwa joto, na hapo ndo moto ukawa moto kweli, halafu mabomba mengine nayo yakafuata.

Ukishachora mstari utaona kitu ambacho kwenye aya za kawaida huwa kinajificha, kwamba kati ya pampu B kugoma na mlipuko ni robo saa tu. Robo saa! Mtu aliyekaa chuo anaandika "walipaswa kufanya tathmini ya kina". Lini?

Hapa ndo penye kazi sasa, na ndo sehemu ninayowakatalia vijana wengi. Mchukue kila mtu kwenye ule mstari ukae kwenye kiti chake, uandike alikuwa anajua nini dakika ile. Unachokijua we hakina maana, we umesoma ripoti, we unajua mwisho wa hadithi. Yeye alikuwa anajua nini?

Wale wa zamu ya usiku Piper Alpha walijua pampu B imekufa na hesabu yao ilikuwa fupi, wasipopata pampu moja gesi inasimama na umeme wa jukwaa unaweza kukatika. Wakatafuta karatasi za pampu A. Wakaikuta pemiti (karatasi ya kibali cha kazi) inayosema pampu A inakwenda kufanyiwa matengenezo makubwa, na kazi ilikuwa haijaanza. Kwa hiyo kwa macho yao pampu ni nzima, ni kuirudishia umeme tu. Kumbe kulikuwa na pemiti ya pili, ya valvu, iliyokuwa peke yake, haijaunganishwa na ile ya kwanza, na wakati wa kukabidhiana shifti habari ya valvu haikupita. Na pahali pa valvu yenyewe hapakuwa pale kwenye pampu useme ungepaona kwa macho, palikuwa juu, ukisimama kwenye pampu hupaoni. Kaa hapo kwenye kiti cha yule bwana uniambie ungefanya nini. Ungewasha. Na mimi ningewasha.

Nasema ningewasha kwa sababu niliwahi kuwasha. Miaka ya nyuma nilikuwa opereta wa boila kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho, zamu ya usiku, korosho zinapikwa kwa mvuke kwenye pipa kubwa la chuma kabla ya kwenda kubanguliwa. Nimeingia saa moja usiku, nimefungua daftari la boila, limeandikwa "kila kitu sawa", nimesaini, saa mbili nafungua mvuke. Fundi wa mchana alikuwa amelegeza nati za mfuniko wa lile pipa ili abadilishe raba, raba haikupatikana dukani, akaondoka, na aliandika, tena vizuri tu kwa mwandiko mzuri, ila aliandika kwenye daftari la stoo ya spea maana ndiko alikokwenda kuomba raba. Mvuke ukatokea pembeni ya mfuniko ukampata mwenzangu mkono mzima toka kiwiko mpaka vidole. Mpaka leo nikisikia pasi ya mvuke inafanya fyuuu nageuka. Barua niliyopewa iliandikwa "uzembe wa opereta". Madaftari yakabaki mawili.

Ndo maana neno uzembe nikiliona kwenye ripoti nalikata. Sisemi wazembe hawapo, wapo kibao, ila neno lenyewe linafunga maswali. Ukishasema fulani mzembe huna cha kuuliza tena, unamfukuza unaajiri mwingine naye anakuta madaftari mawili.

Ukimaliza viti, rudi kwenye mstari na kalamu mbili za rangi tofauti. Moja ni ya kilichowasha, nyingine ni ya kilichokuza. Watu wanavichanganya sana hivi. Mtu wa shamba la mikorosho ananielewa haraka, njiti ya kiberiti haiunguzi eka tano, eka tano zinaunguzwa na majani makavu ambayo hujayapalilia chini ya mikorosho toka msimu uliopita, njiti ni njiti tu, kesho itakuwa kichungi cha sigara cha mpita njia. Piper Alpha kilichowasha ni ile pampu na lile bamba. Ila mlipuko wa kwanza haukuua watu 167. Ukifuata kalamu ya pili unakuta haya: jukwaa lilianza kazi 1976 likiwa la mafuta, baadaye wakaongeza mitambo ya gesi, lakini kuta za kuzuia moto zilibaki zile za moto wa mafuta, hazikutengenezwa zihimili mlipuko, kwa hiyo zikang'oka, na chumba cha kontroli kilichokuwa jirani kikawa hakifai. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono kwa sababu kulikuwa na wazamiaji na walihofia wasivutwe na maji yanayoingia pampuni, sababu ya utu kabisa, ila zamani kulishatolewa pendekezo kwamba zibaki za kujiwasha zenyewe kama mzamiaji hayuko karibu na mdomo wa pampu. Majukwaa jirani, Tartan na Claymore, yaliendelea kusukuma huku moto wanauona, na yote yalikuwa yameunganishwa na Piper kwa mabomba. Na watu walifundishwa kwamba ikitokea hatari wakusanyike kwenye jengo la malazi wasubiri helikopta, wakakusanyika, helikopta haikuweza kutua kwa moshi, na amri ya kuondoka haikuja. Wengi walifia mle ndani kwa moshi. Waliopona wengi ni wale waliokaidi, wakashuka kwa kamba au wakajirusha baharini.

Hili la mwisho huwa linawasumbua vijana, "sasa mwalimu, waliofuata utaratibu ndo wamekufa?" Ndiyo. Na we ulikuwa umeandika chanzo ni kutofuata taratibu.

Kama unataka zoezi la nyumbani la kutenganisha rangi mbili, chukua barabara yetu ya kwenda Dar ilivyokatika pale Somanga, Kilwa, mwezi wa tano 2024 wakati wa mvua za kimbunga Hidaya. Kila uliyemuuliza alikwambia mvua. Sawa, mvua ndo njiti. Chukua kalamu ya pili sasa: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, makalavati yana upana gani, yalihesabiwa kwa mvua ya kiasi gani, na kwa nini kipande kifupi kikikatika Lindi na Mtwara nzima tunabaki na njia moja tu ya lami ya kuzunguka Masasi, Tunduru mpaka Songea. Sikupi majibu, nenda na futi kamba. Ila utaona mwenyewe kwamba "mvua" si jibu la mhandisi, mhandisi hawezi kwenda kuipiga spana mvua.

Halafu funzo. Hapa nina kanuni moja, sentensi ya funzo lazima iwe na kitu cha kushika na mtu wa kukishika. "Mawasiliano yaboreshwe" hakuna anayeweza kuamka kesho asubuhi akalifanya. "Pemiti za kifaa kimoja zibanwe pamoja na anayeingia zamu asaini zote akiwa amesimama mbele ya kifaa" hilo linafanyika. Tume ya Piper Alpha iliyoongozwa na Lord Cullen ilitoa ripoti 1990 na mapendekezo 106, na ukiyasoma hukuti nasaha, unakuta vitu: valvu za dharura za kufunga mabomba ziwekwe wapi, watu wajihifadhi wapi wakati wa moto na pahali hapo pahimili nini, na mwenye jukwaa yeye mwenyewe aandike na kuthibitisha kwamba hatari zake kubwa anazijua na amezidhibiti vipi, badala ya kusubiri mkaguzi apite na orodha yake kuweka tiki. Hata kazi ya kusimamia usalama ikaondolewa kwenye wizara ya nishati ikapelekwa kwa mamlaka ya usalama kazini, maana aliyekuwa anasukuma uzalishaji ndo huyo huyo alikuwa anakagua usalama.

Kila funzo ukishaliandika lipeleke kwenye mstari wako wa saa uulize, hili lingekuwepo usiku ule lingebadilisha nini na saa ngapi? Kama huwezi kuonesha dakika, lifute. Kwa mfano kufuli. Pampu A ingekuwa na kufuli kwenye swichi na ufunguo uko kwa fundi wa valvu, saa nne kasorobo wale jamaa wangefika kwenye kufuli, wangeuliza ufunguo uko kwa nani, na hapo habari ya valvu ingetoka. Karatasi inaweza kukaa ofisi nyingine, kufuli linakaa pale pale kwenye swichi. Lile pipa la korosho nalo lilikuwa linahitaji kufuli na mnyororo tu, vitu vya kununua pale sokoni jioni moja.

Kitu kingine kidogo ila kinaharibu ripoti nyingi, usiandike kilichomo kichwani mwa marehemu. "Alisahau", "alipuuza", "hakujali". Ulimuuliza saa ngapi? Andika alichofanya na alichokuwa nacho mbele yake, basi.

Ukimaliza usimpelekee mwalimu kwanza. Mpelekee mtu anayeshika mtambo kama huo huo, fundi wa jenereta, opereta wa kivuko pale Msangamkuu, yeyote anayeingia zamu, umsomee mstari wa saa tu af umwachie kalamu. Kijana wangu wa mwaka jana alimpelekea fundi mmoja wa mashine za barafu pale feri, mzee hana hata cheti, alisikiliza mpaka mwisho akaguna, akaweka kidole kwenye saa kumi na mbili jioni. "Hapa," akasema, "huyu wa mchana alivyokuja kukabidhi, alimkuta nani? Maana sie hapa saa ile wote tunaoga."

Kijana akarudi kuandika upya.