Somo la Linux Mint: Unaweka paswedi, skrini inapepesa, unarudishwa mlangoni. Usifomati kwanza

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliniletea laptopu yake kaifunga kwenye khanga. Inawaka vizuri, inafika kwenye ukurasa wa kuingilia, anaandika paswedi, skrini inakuwa nyeusi sekunde moja, kisha inamrudisha palepale. Paswedi ilikuwa sahihi, maana ukikosea huwa inakwambia umekosea. Humo ndani mlikuwa na daftari lake la madeni: nani kachukua magunia mangapi, wa Kahama kabakiza ngapi, wa Bunda kalipa lini. Fundi wa kwanza alishamwambia dawa ni kufomati, yaani kufuta kila kitu kilichomo. Nakala nyingine hakuwa nayo popote.

Ndiyo maana naandika somo hili. Desktopu, yaani ile sehemu yenye menyu, picha na folda, ni programu kama programu nyingine, tena huwashwa mwisho kabisa. Ikigoma, mara nyingi faili zako ziko salama chini yake, na kuna mlango wa pili wa kuzifikia.

Mashine ninazozungumzia ni za Linux Mint (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows) yenye desktopu ya Xfce, ambayo tunaiweka sana kwenye laptopu kuukuu zenye RAM ndogo. Ubuntu, ambayo ni Linux nyingine, yenye desktopu ya GNOME hukaguliwa kwa mwendo huohuo, ila majina ya baadhi ya folda na amri hubadilika.

Hatua ya 1: Ingia kwa mlango wa maandishi

Ukiwa kwenye ukurasa wa paswedi, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Kwenye laptopu nyingine inabidi uongeze na Fn. Itatokea skrini nyeusi yenye maandishi. Andika jina lako la kuingilia, Enter, kisha paswedi. Ukiandika paswedi hapo huoni hata nukta. Inaingia, endelea tu. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani kibodi imekufa.

Ukiingia, umeshapata habari kubwa: mfumo mzima unafanya kazi, kilichogoma ni desktopu peke yake. Kurudi kwenye ukurasa wa picha ni Ctrl+Alt+F7, na kwenye mashine nyingine F1.

Hatua ya 2: Pima diski kabla ya kugusa kingine

`df -h`

Tafuta mstari unaoishia na alama ya `/` peke yake. Ukikuta 100%, mchawi umeshamkamata. Kama folda yako ya `/home` ina mstari wake, uangalie na huo.

Hapa nikae kidogo, maana watu huuliza: kama diski imejaa, mbona kompyuta inawaka mpaka inafika kwenye paswedi? Diski ya ext4 (mpangilio wa faili wa Linux) ikitengenezwa kwa kawaida huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kazi za mfumo zinazoendeshwa na root zinaendelea kuandika kwenye akiba hiyo, kwa hiyo ukurasa wa kuingilia unafunguka. Wewe mtumiaji wa kawaida akiba hiyo huruhusiwi. Desktopu inapoanza lazima iandike vifaili vidogo kwenye folda yako. Inakosa nafasi, inaanguka, unarudishwa mlangoni bila maelezo.

Tafuta kilichokula nafasi:

`du -ah --max-depth=1 ~ | sort -h | tail`

Kwa yule mama, mstari wa mwisho juu ya jumla ulikuwa `.xsession-errors`, GB 31. Hilo ni faili ambalo desktopu huandikia makosa yake. Programu moja ndogo ya printa ilikuwa inalalamika kosa lilelile, mstari baada ya mstari, kwa miezi. Nililimwaga:

`> ~/.xsession-errors`

Kisha nikaongeza amri hizi mbili za kufuta mabaki ya mfumo, ambazo hazigusi kazi zako (sudo ni kuomba ruhusa ya root, nayo itakuuliza paswedi):

`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=100M`

Halafu nikauwasha upya ukurasa wa kuingilia, ambao jina lake ni lightdm:

`sudo systemctl restart lightdm`

Akaweka paswedi mwenyewe. Desktopu ikafunguka, na daftari la madeni lipo, mpaka gunia la mwisho. Kabla hajaondoka tulilinakili kwenye flashi, na ile programu ya printa nikaizuia isijiwashe, la sivyo angerudi kwangu na tatizo lilelile.

Hatua ya 3: Faili ni la nani?

Kama diski ina nafasi, andika:

`ls -l ~/.Xauthority`

Ukiona `root root` badala ya jina lako, desktopu haiwezi kulitumia faili hilo. Hutokea mtu akifungua programu ya picha kwa sudo. Lirudishe kwa mwenyewe:

`sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`

Hatua ya 4: Umeme ulikatika katikati ya kuapdeti?

Msimu wa mvua hii naipata sana, hasa kwenye kompyuta za mezani zisizo na UPS. Vifurushi vinabaki nusu.

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Ya pili inaweza kuhitaji intaneti, kwa hiyo uwe na bando.

Hatua ya 5: Mipangilio iliyoharibika

Hii ni ya wanaoingia lakini wanaona kishale tu kwenye skrini tupu. Usifute kitu, badilisha jina:

`mv ~/.cache/sessions ~/.cache/sessions-zamani`

Jaribu kuingia. Ikigoma:

`mv ~/.config/xfce4 ~/.config/xfce4-zamani`

Desktopu itazaliwa upya, na paneli uliyoipanga itarudi ya mwanzo.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Igoma: Mkuu, yangu hata haifiki kwenye paswedi. Inasimama kwenye maandishi yenye neno initramfs.

Jibu: Hapo tatizo liko chini ya desktopu, kaka. Andika `exit`, Enter. Mara nyingi itakutajia sehemu ya diski yenye hitilafu, mfano /dev/sda2. Kisha `fsck -y /dev/sda2`, amri ya kukagua na kurekebisha diski, ukiweka jina ulilotajiwa wewe, halafu `reboot`. Lakini kama diski inatoa mlio wa kugonga, au hali hii imeshajirudia, usianze na fsck. Nakili kazi zako kwanza, diski hiyo inaaga.

Mwanafunzi, Nyegezi: Shikamoo fundi. Mimi skrini nyeusi tupu, hata Ctrl+Alt+F3 haileti kitu. Ina kadi ya Nvidia na ripoti yangu ya field iko humo.

Jibu: Marahaba. Izime, iwashe huku umeshikilia Shift, au gusagusa Esc kama mashine ni ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta), mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Kwenye mstari wa kwanza bonyeza `e`. Tafuta maneno `quiet splash`, ongeza mbele yake `nomodeset`, bonyeza F10. Ikifunguka, ujue ni draiva ya kadi. Badiliko hili ni la kuwasha mara moja tu, kwa hiyo ukiingia nakili ripoti, kisha fungua Driver Manager uchague draiva inayopendekezwa.

Mdau wa Sengerema: Nimeingia vizuri ila madirisha hayana kichwa, siwezi kuyafunga wala kuyasogeza.

Jibu: Fungua terminali, andika `xfwm4 --replace &`. Vichwa vikirudi, toka na uingie upya.

Dada wa Mabatini: Nimefanya zote, imegoma. Nitajuaje kama kosa ni la folda yangu au la mfumo mzima?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Kwenye mlango wa maandishi tengeneza mtumiaji mwingine: `sudo adduser jaribio`. Rudi kwenye picha uingie kwa jina hilo. Akiingia, kosa liko ndani ya folda yako, rudia hatua ya 3 na ya 5 taratibu. Naye akigoma, washa kompyuta kwa flashi yenye Mint bila kuisakinisha, fungua diski yako, toa kazi zako zote. Kisha uandike hapa mistari 20 ya mwisho ya faili la `/var/log/Xorg.0.log` lililo kwenye diski yako, si la flashi, tuisome pamoja.